Miguu Miwili ya Kushoto ya Mzee Dominiki

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Ninyi watatu mnaobaki na kibanda chetu cha mabango hapa Ifakara mmeniomba niwaandikie maneno ya kuwafaa kazini. Sijui nani aliwaambia kwamba mtu akiacha kazi anapata busara siku hiyohiyo. Ninachowaachia ni brashi kumi na nne, nne kati yake nzima. Uzi wa chaki. Fimbo ya kuegemeza mkono. Na makopo ya rangi ambayo msiamini vifuniko vyake. Mabango yangu mnayaona mjini kila siku, na kama mna macho mnayaona na makosa yake. Sina la kusema juu ya mabango. Nitawaeleza habari za lile gombo la kitambaa lililolazwa juu ya boriti, ambalo mmeniuliza mara nyingi kwa nini halifunguki, na habari za kile kipande kilichokatwa kikatundikwa ukutani peke yake, chenye mzee mwenye miguu miwili ya kushoto. Mmoja wenu alisema mbele yangu kwamba mchoraji wake alikuwa amelewa. Hakuwa amelewa. Alikuwa fundi cherehani.

Niliingia kibandani mwaka 1990. Mwenye kibanda alikuwa Mzee Salumu, mtu mwembamba aliyevaa kofia iliyowahi kuwa nyeupe, na sifa yake kubwa kama mwalimu ni kwamba hakufundisha. Herufi nilikuwa nimejifunza mwenyewe nyumbani, kwa kunakili makaratasi ya sabuni na maboksi ya majani ya chai, nikijifungia chumbani kama mtu anayeficha ugonjwa. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa ubao wa mama mmoja mwenye hoteli karibu na soko. Maneno yalikuwa matatu: Wali, Chai, Karibuni.

Nikapiga mistari kwa uzi wa chaki. Nikaandika W. Ikaegemea kulia. Nikaifuta kwa tapentaini, nikaiandika tena, ikaegemea kushoto. Siku ya nne yule mama alikuja mwenyewe.

"Mwanangu, bango langu limefikia wapi?"

"Niko kwenye W, mama."

"Ndiyo nini?"

"Ya wali."

Akamgeukia Mzee Salumu. "Mzee wangu, mimi napika wali wa leo. Huyu ananiandikia wali wa mwaka gani?"

Mzee Salumu alichukua brashi, akamaliza ubao wote kabla chai yake haijapoa. Herufi zilikuwa za kutia aibu. Bango lile liliita watu kula kwa miaka sita, na mimi kila nilipopita nilivuka barabara nisilione. Jioni ile, nikiwa naosha brashi, aliniambia jambo moja ambalo ndilo fundisho pekee nililopata kwake: "Rangi ya kwanza inashika ubao. Ya pili inashika ya kwanza. Ya tatu inashika nini?" Nikadhani ni fumbo la wazee. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona mwerevu.

Kwenye baraza la duka jirani palikuwa na fundi cherehani wa rika langu, Agapiti, Mpogoro aliyelelewa Mbingu. Alishona vibaya na kuzungumza vizuri, na wateja walimsamehe la kwanza kwa ajili ya la pili. Suruali ikitoka na mguu mmoja mfupi, alikuwa na maelezo ambayo mwenye suruali aliondoka akiyasimulia. Mimi nilimdharau. Niseme ukweli: nilimdharau na kila siku nilivuta kigoda changu karibu zaidi na baraza lake ili nimsikie.

Mwaka 1991 alianza kunisimulia habari za mzee mmoja wa kubuni, Mzee Dominiki wa Masagati, ambaye redio yake imenyamaza, ameifunga kwenye kitenge cha mkewe na kuanza safari ya miguu kuja Ifakara kwa fundi. Kila anapopita anacheleweshwa. Mlimba wanamtaka awe shahidi wa kesi ya kuku. Mbele kidogo anaalikwa harusini na kugundua kwamba yeye ndiye mshenga. Kila siku Agapiti alimsogeza hatua chache. Nikaanza kumchora kwa mkaa kwenye vipande vya marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, vilivyobaki kwenye kazi zake. Jumamosi moja akachukua vipande vitano, akaviunga kwa cherehani, akasema, "Remi, hii ni sinema."

Tukatengeneza sanduku la mbao lenye dirisha upande mmoja. Ndani tuliweka mipini miwili ya majembe, kitambaa kikizungushwa kutoka huu kwenda ule. Mimi nazungusha, yeye anasimama pembeni anasimulia na kutoa sauti zote: za wazee, za mbuzi, za mama wakwe. Utaratibu ulikuwa huu. Kila Jumamosi, saa saba mchana, yeye anasimulia kipande kipya, mimi nachora. Kitambaa kinapakwa kwanza uji mwepesi wa muhogo kisije kikanywa rangi, kikikauka kinapakwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa sana, mara moja tu, kisha anakiunga. Na palikuwa na sharti moja, aliloliweka yeye.

"Kilichokwisha kuonyeshwa hakiguswi."

"Hata kikiwa kibaya?"

"Watu wakishakiona ni chao. Utaingiaje nyumbani kwa mtu kumpangia vyombo?"

Nikakubali. Nilikubali kama mlevi anavyokubali kwa mkewe, nikimaanisha kila neno.

Mara ya kwanza tulionyesha Mbingu, siku ya gulio, sanduku limefungwa nyuma ya baiskeli. Watu walisimama mpaka kwenye wauza dagaa. Walicheka pale walipotakiwa kucheka na pengine ambapo hatukutegemea. Mbele kabisa aliketi bibi mmoja, Bibi Anjelina, jirani wa mama yake Agapiti, kapu la mihogo magotini. Tulipomaliza akanyoosha kidole kwenye dirisha.

"Mjukuu wangu, huyu mzee ana miguu miwili ya kushoto."

Umati ukainama kutazama. Ilikuwa kweli. Katika picha zote, kutoka Masagati hadi alipofika, vidole gumba vilielekea upande mmoja. Nilitamani ardhi ya gulio inimeze pamoja na dagaa wake.

Agapiti hakukawia hata kidogo. "Ndiyo maana hafiki, bibi. Anatembea anakwenda upande."

Watu wakaangua kicheko. Toka siku hiyo ikawa sehemu ya hadithi: mzee akitoka nyumba ya mtu, anazunguka upande kama kaa. Watoto wa Mbingu walimwiga. Bibi Anjelina alipotuona tena hakutusalimu kwanza, alisema, "Amefika wapi?" Miaka saba ndiyo ilikuwa salamu yake.

Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Mimi sikulala vizuri wiki nzima. Jumatatu, Agapiti akiwa amekwenda kununua vifungo, nilifungua gombo na kumpa Mzee Dominiki mguu wa kulia. Picha ishirini na sita, miguu ishirini na sita. Agapiti hakuona, au aliona akanyamaza. Kwenye maonyesho yaliyofuata aliendelea kusema mzee anatembea kama kaa, na watu waliendelea kucheka, kwa sababu walitazama kwa masikio. Nami niliyekuwa nikizungusha mpini nilikasirika kwamba hakuna aliyeuona mguu wangu mzuri.

Baada ya hapo sikushikika. Nilirekebisha pua. Nilirekebisha vivuli, vilivyoanguka pande mbili kana kwamba Kilombero ina majua mawili. Kule Mang'ula, mtumishi mmoja wa hifadhi alisema kwamba nyani tuliyemchora njiani amekaa kama mwenyekiti wa kijiji. Agapiti akamfanya nyani mwenyekiti na kumpa hotuba, mimi nikarudi kumpaka nyani upya. Afisa mmoja wa mambo ya utamaduni aliita kitambaa chetu zana ya kuelimisha umma na kutushauri Mzee Dominiki ajenge choo njiani. Huyo tulimdharau wote wawili kwa pamoja, na nakumbuka jioni ile kama mojawapo ya siku zetu njema.

Halafu akaja ng'ombe.

Wasukuma walikuwa wakizidi kuingia bondeni na mifugo yao, kwa hiyo Agapiti alimpitisha Mzee Dominiki katikati ya kundi la ng'ombe. Nilichora ng'ombe mkubwa wa mbele kwa siku tatu. Tulipoonyesha mnadani, mfugaji mmoja mwenye fimbo ndefu alisogea dirishani, akatazama kwa utulivu mkubwa, akasema, "Baba, ng'ombe huyu anaumwa."

"Wangaluka," Agapiti akamwamkia kwa Kisukuma, kama daktari anayempokea mgonjwa. "Ameanza kuumwa lini?"

"Mbavu zote hizi. Na jicho. Huyu wiki haishi."

"Sasa tumfanyeje, baba?"

Yule mfugaji akaeleza dawa. Mwingine akapinga, akaeleza nyingine. Wakabishana karibu saa nzima mbele ya ng'ombe wa rangi ya mafuta, na Agapiti akayaingiza yote: Mzee Dominiki amesimamisha safari kumuuguza ng'ombe wa watu, analala zizini, redio imetundikwa kwenye pembe. Katika mambo yote tuliyotengeneza, hicho ndicho kipande watu walichokipenda kuliko vyote. Walikuja kutoka mbali wakiuliza hali ya mgonjwa. Mzee mmoja alileta mizizi ya dawa, nusu mzaha nusu kweli, akaifunga kwenye sanduku letu.

Na mimi nilikuwa nimesikia neno moja tu: mbavu.

Nilikaa na ng'ombe yule majuma mawili. Nilikwenda kwenye mazizi na daftari. Nikamnenepesha, nikamng'arisha manyoya, nikampa jicho lenye uhai, mara ya kwanza, ya tano, ya kumi na moja. Alipendeza kweli. Tuliporudi mnadani umati ulikuwa umeshajaa, mfugaji wetu mbele. Nikazungusha mpini. Akatokea ng'ombe mnono anayemeremeta.

Agapiti alikuwa ameshafungua mdomo kwa sauti ya kukoroma kwa mgonjwa. Akaufunga. Akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Amepona," akasema hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe, si ya mtu yeyote katika hadithi.

"Amepona vipi?" mfugaji akauliza. "Kwa dawa ipi? Yangu au ya yule?"

Watu walitawanyika mmoja mmoja, kama wanaoondoka kwenye msiba ambao maiti amekutwa nyumbani anakunywa uji.

Njiani tulisukuma baiskeli bila kuipanda. Tulipofika kwenye daraja la miti Agapiti akasimama.

"Nani amemponya ng'ombe?"

"Alikuwa mbaya, Agapiti."

"Sikuuliza uzuri. Nani?"

"Mimi."

"Na miguu ya mzee?"

"Mimi."

"Najua. Nimejua mwaka wa nne sasa. Nilifikiri utachoka." Akatoa kitambaa cha mfukoni, akaufuta uso. "Remi, wewe hutengenezi kitu na mimi. Mimi naongea, wewe unajiogopa. Hayo ni mambo mawili tofauti yaliyopanda baiskeli moja."

Niliapa sitagusa tena. Na nilipoapa nilikuwa nawaza kwamba kivuli cha pembe bado si sawa.

Mwishoni mwa mwaka 1997 Agapiti alipata nafasi ya kushona Morogoro, kwa shemeji yake, na mkewe alikuwa ameshahesabu mizigo. Alisema ataondoka mvua zikikatika. Kilichobaki cha safari kilikuwa hatua kumi za kitambaa: Mzee Dominiki aingie Ifakara, apeleke redio kwa fundi. Mwisho wenyewe alikuwa ameniambia tangu mwaka wa kwanza, akaniapisha nisimwambie mtu. Akamtumia Bibi Anjelina ujumbe kwamba safari hii anafika. Bibi alikuwa hatoki tena kwenda shamba. Alijibu kwamba asiambiwe uongo, atangoja. Agapiti akaunga marekani nyeupe mwishoni mwa gombo, hatua kumi, akaipaka uji mwenyewe, akaniachia.

Mnazikumbuka mvua zile. Barabara zilikatika, hapakuwa na gulio wala bango, na nilikuwa na miezi mitatu mizima. Nawaambia ninyi ambao bado mna nafasi ya kunidharau kwa faida: sikuchora hata unyayo mmoja. Nilisema mwisho hauwezi kuwa mzuri juu ya mwanzo mbovu. Nikarudi Masagati, picha ya kwanza, nikaanza kuipaka safari nzima upya, juu ya nilichopaka, juu ya nilichopaka.

Mzee Salumu, ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha kazi na kupita tu kuamkiwa, aligonga gombo kwa kucha. Likalia ko, ko.

"Hii mbao ya aina gani?" akauliza, akaenda zake.

Barabara ilipofunguka Agapiti alikuja na baiskeli. Nilimwambia mwisho bado. Hakunigombeza. Alisema tu, "Twende hivyohivyo. Nimemwahidi bibi," na tukafunga sanduku. Mimi nilibeba kopo la rangi nyeusi na brashi, kama ilivyokuwa kawaida yangu kila tulikokwenda, nisije nikaona kosa njiani nikakosa cha kulirekebishia.

Mbingu ilijaa. Bibi Anjelina aliletwa na wajukuu, akawekwa kwenye kiti mbele. "Amefika wapi?" akauliza.

"Leo, bibi," Agapiti akasema.

Nikazungusha. Picha ya pili ilipojikunja kwenye mpini nilisikia mlio kama wa mtu anayekanyaga maganda ya karanga. Masagati ilikatika katikati. Vipande vya rangi nene kama gome vikaanguka ndani ya sanduku. Uso wa Mzee Dominiki niliokuwa nimeupaka mara nisizozijua ulibanduka mzima ukaanguka, na nyuma yake palikuwa na uso mwingine, nao ukaanguka. Harusi ikaenda. Nyani akaenda. Nilipolazimisha mpini, kitambaa kilichokakamaa kilipasuka kwa urefu, na ng'ombe wangu, ng'ombe mzuri kuliko wote waliowahi kuchorwa wilaya hii, akatoka vipandevipande kama udongo wa ukuta. Ndipo nilipojua rangi ya tatu inashika nini. Inashika hewa.

Watu hawakucheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Walikuwa wananihurumia.

Agapiti alifungua mlango wa sanduku, akavuta gombo mpaka mwisho, kwenye ile marekani nyeupe, akaikata kwa mkasi wake wa kazi, akawapa wanaume wawili waishike wazi. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kunitazama. "Leta brashi."

"Hujawahi kuchora."

"Leta."

Akachora huku anasimulia. Alishika brashi kama mwiko. Akaweka mstari, ukawa barabara. Akaweka pembetatu, ikawa paa la fundi redio. Akamchora Mzee Dominiki: kichwa kikubwa, kitenge chenye redio, na miguu miwili ya kushoto, kwa sababu ndivyo alivyomjua. Rangi moja, mara moja, nyepesi, kwa muda wa kula muhogo mmoja.

"Fundi akaifungua redio," akasema. "Akaitazama. Akamtazama mzee. Akatoa betri, akazigeuza, akazirudisha. Redio ikaimba. 'Mzee, umetoka wapi na hii?' 'Masagati.' 'Ulizipachika nyuma mbele.' Mzee akakaa chini. Akafikiri. Akasema, 'Mwanangu, zirudishe zilivyokuwa. Nikifika nayo nyumbani inaimba, wataniuliza kwa nini nimechelewa.'"

Gulio zima likapasuka kwa kicheko. Bibi Anjelina hakucheka. Alijivuta mbele, akaitazama miguu kwa muda mrefu, akaigusa kwa kidole, rangi ikiwa mbichi.

"Ndiye huyu," akasema. "Hii miaka ya katikati mlikuwa mnaniletea mtu mwingine."

Juma lililofuata nilimsindikiza Agapiti kwenye basi la Morogoro, asubuhi. Mkewe alikuwa ameshaketi na cherehani magotini. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, nimeyaandika mara nane, na nakala safi ilikuwa mfukoni. Sikuitoa.

"Kile kipande unacho?" akaniuliza kupitia dirishani.

"Ninacho."

"Usimguse."

"Sitamgusa."

"Remi."

"Nimesema sitamgusa."

Akanitazama kama alivyonitazama kwenye daraja, na basi likaondoka.

Mwaka mmoja na ushee umepita. Gombo lililobaki nililikunja kwa nguvu, likakakamaa hivyo juu ya boriti; kipande kiko ukutani, hakijapasuka hata uzi. Kila asubuhi nafungua kibanda, nachanganya rangi ya bango la mtu, na kabla sijaanza kazi naangalia mguu ule. Ungehitaji mguso mmoja wa brashi, kidole gumba kihamie upande wa pili, basi. Mara mbili nimejikuta nimesimama mbele yake brashi imeshachovywa. Mara ya pili, mwezi uliopita, tone lilidondokea sakafuni, sentimita chache kutoka ukutani. Lipo bado, mtaliona.

Kwa hiyo mtu akiwauliza kwa nini Remigi ameacha kazi mapema hivi, msiseme macho, wala kifua, wala tapentaini. Sina ugonjwa. Brashi zote kumi na nne nimewaachia, pamoja na zile nzuri za nywele za mkia wa ng'ombe nilizozifunga mwenyewe. Funguo nazo nimewaachia. Nikija kuwatembelea mnikaribishe chai nje, barazani, na kama nitasema nina haja ya kuingia ndani mara moja tu, mmoja wenu aingie pamoja nami.